Barua kwa mwanangu: shairi lisome kwa sauti

Mwanangu mpendwa,

Swali lako limenifikia. Unasema jioni ukirudi kazini unafungua kile kitabu cha mashairi nilichokupa, unasoma kurasa mbili tatu kimyakimya, kisha unakifunga bila kuonja ladha yoyote. Ukauliza mimi napata raha gani humo, na kwa nini siendi kwenye miche yangu bila shairi mdomoni.

Kwanza, acha kusoma kimya. Mashairi yetu yametungwa kwa ajili ya koo na sikio. Chukua tarbia, ile ya mishororo minne kwa ubeti. Kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, nane za utao, nusu ya pili, na hapo katikati ndipo unapovuta pumzi. Jicho hupapita mahali hapo bila kujua, ila sauti lazima itue. Nimekutungia mishororo miwili ujaribu:

Udongo nimetilia, mbegu yangu yachipua,
Maji ninamwagilia, jani linajifunua.

Isome polepole, ukihesabu kwa vidole. Kisha badala ya "yachipua" sema "inachipua". Maana ni ileile, lakini utao umekuwa na mizani tisa na ulimi umejikwaa. Umesikia? Sikio limekamata kosa kabla ya kidole. Utamu wa kwanza ndio huo, na hauhitaji digrii wala mtu wa kukufafanulia.

Wa pili umo kwenye kibwagizo, mshororo ule unaorudi mwisho wa kila ubeti. Mara ya kwanza unaupita kama maneno ya kawaida. Ukifika ubeti wa tano, maneno hayohayo yamebeba yote yaliyotangulia, na sauti yako yenyewe inabadilika bila kuiamuru. Ndiyo maana sipendi mtu anayesoma beti mbili akaishia hapo.

Ukiona tarbia ni nzito, anza na utenzi; mizani nane tu kwa mshororo, unakwenda kwa mwendo wa miguu. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa zamani wa Lamu, alipotaka kumwusia bintiye, mwaka 1858, alimtungia utenzi, na hadi leo unasomwa. Mama aliyetaka maneno yake yakae kichwani mwa mwanawe alijua ayapitishe wapi.

Sasa miche. Bustani inashika mikono na kuacha mdomo huru. Kumwagilia, kung'oa magugu, kufunga shina kwenye kijiti, yote hayo hayakatazi kughani. Nami nimehifadhi beti nyingi hivyo kuliko nilivyowahi kuhifadhi nikiwa nimeketi. Huna uwanja, najua. Chombo chenye matundu chini, dirisha linalopata jua, vinatosha.

Panda nyanya. Fukia mbegu kina cha sentimita moja hivi, usizidishe. Udongo ukiwa na joto, baada ya siku 5 hadi 10 utaona shingo imejikunja, inauinua udongo, halafu inanyooka na kufungua vijani viwili vyembamba, laini pembeni. Hivyo si majani ya nyanya bado; ni vile vilivyokuwa ndani ya mbegu. Subiri jani la tatu, lenye meno meno. Lisugue kidogo kwa vidole, kisha nusa. Harufu ile ya nyanya, kali na mbichi, inatoka kwenye mmea ambao hata ua hauna. Hapo huwa nasimama tu.

Maji tia kwa kiasi. Miche mingi ya ndani hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi, maana mizizi nayo inahitaji hewa. Chomeka kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, ngoja kesho. Siku ya kuhamisha mche, uzike mpaka karibu na majani ya juu, kwani shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi. Fanya jioni, jua likishapoa.

Usichague shairi kubwa kwa kuanzia. Chagua ubeti mmoja unaokupendeza mdomoni, uughani kila unapomwagilia, wiki nzima, hata kama maana yake hujaimaliza. Ukikwama nipigie simu tuusome pamoja, wewe ukwapi, mimi utao.

Mama yako