Aliyefunga Mlango Akae Upande Gani?

Swali la juma la jarida hili lilikuwa hili: "Je, ibada zetu zimepoteza heshima, na nani alaumiwe: kwaya, vijana au wachungaji?" Nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyokusudia, na kila nikilisoma najikuta nikijibu jambo jingine. Kwaya siwezi kuilaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe naimba sauti ya pili katika kwaya kuu ya usharika wetu hapa Ngamiani, Tanga, na najua jasho linalotoka katika mazoezi ya jioni. Vijana nao wamekwisha kulaumiwa vya kutosha. Ninalotaka kulisemea ni utii: nani anadaiwa utii katika nyumba ya Mungu, na nani husamehewa deni hilo kimyakimya. Na kwa kuwa utii haupimwi mpaka pawepo na amri, nitasema juu ya amri moja tu, ile ya kufunga mlango wa kanisa wakati wa hubiri.

Nitangulize msimamo wangu. Naamini kwamba utaratibu ni sehemu ya ibada yenyewe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mambo yote na yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu, na maneno hayo yanafunga sura nzima ya 14 inayoeleza jinsi watu wenye vipawa wanavyopaswa kupishana: wanenao kwa lugha wawe wawili au watatu, tena kwa zamu, na asipokuwapo wa kufasiri wanyamaze; nabii naye anyamaze ikiwa mwenzake aliyeketi amefunuliwa neno. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba Roho amemzidi nguvu hata hakuweza kungoja. Kwa hiyo mtu anayeingia kanisani watu wakiwa katika maungamo, simu ikiwa sikioni, akapita mbele ya madhabahu kutafuta kiti kilicho chini ya feni, hawezi kunishawishi kwamba heshima yake kwa Mungu imo moyoni na haihitaji kuonekana. Waraka kwa Warumi unatutaka tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, na mwili hauwezi kutolewa kabla haujafika na kutulia.

Ndiyo sababu nilifurahi baraza la wazee lilipotangaza amri ile. Ilisomwa katika matangazo, baada ya sadaka: kuanzia Jumapili inayofuata, mhubiri akipanda mimbarani mlango mkubwa utafungwa, na hautafunguliwa mpaka aseme Amina. Ibada yetu ya kwanza inaanza saa moja asubuhi, na wakati huo tulikuwa tumefika mahali ambapo robo ya watu waliingia Neno likiwa limekwisha kusomwa. Wengine walisingizia daladala za Pongwe, wengine hawakusingizia chochote. Mchungaji alikuwa akikatizwa katikati ya sentensi na mlio wa viti vya plastiki vinavyoburutwa kwenye sakafu. Amri ilikuwa ya haki, na niliitetea mbele ya wanakwaya wenzangu walioiona kali.

Kazi ya kuufunga mlango ilipewa mzee mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa hakupenda kutajwa hata katika matangazo. Alikuwa mstaafu wa bandari, mrefu, mwenye koti la kijivu ambalo alilivaa hata katika joto la mwezi wa pili. Alikuwa mhudumu wa mlango tangu zamani: ndiye aliyegawa vitabu vya nyimbo kwa wageni, ndiye aliyewaonyesha akina mama wenye watoto wachanga mahali penye upepo. Sasa alikabidhiwa na ufunguo, akaufunga kwa kamba ya katani na kuuvaa shingoni.

Jumapili ya kwanza ya amri hiyo ilikuwa ya masika, na kila aliyewahi kukaa Tanga anajua mvua yetu ya asubuhi inavyoanza bila kupiga hodi. Kwaya kuu inakaa upande wa kushoto, na kiti changu kiko karibu na dirisha la vioo vya luva linaloangalia baraza ya mbele, kwa hiyo yaliyotokea niliyaona bila kugeuza shingo. Mhubiri alipanda. Yule mzee akasimama, akainamisha kichwa kuelekea madhabahu, akatoka nje, akauvuta mlango na kuufunga kwa ufunguo. Akabaki huko huko nje.

Nilidhani amesahau kitu na atazunguka aingilie mlango wa sakristia. Hakuzunguka. Barazani walikuwa wamekwisha kufika watu kadhaa. Alikuwapo muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, gauni lake jeupe likiwa limelowa hadi magotini. Walikuwapo akina mama wawili wanaonunua samaki katika soko la Deep Sea alfajiri na kuwauza mitaani, ndoo zao zimefunikwa kwa khanga, na harufu ya ndoo hizo iliingia hadi kwenye viti vyetu. Alikuwapo kijana wa bodaboda, na nyuma yake mama mwenye mtoto wa miaka minne hivi ambaye alikuwa akilia kwa sababu kiatu kimoja kilichukuliwa na maji ya mtaro. Baraza yetu ni nyembamba, na bati lake linavuja upande wa kulia. Mzee akawapanga. Akina mama wa samaki aliwapa benchi, muuguzi akapata pembe iliyo kavu, yule mama na mtoto wakawekwa karibu kabisa na mlango, mahali ambapo sauti ya spika inasikika. Yeye mwenyewe akasimama ukingoni, pale panapovuja, na maji yakawa yanamdondokea begani. Kijana wa bodaboda alipotoa simu, mzee alimgusa mkono tu, na ile simu ikarudi mfukoni.

Siku ile mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata sisi tuliokaa ndani hatukumsikia mhubiri vizuri. Naye akafanya jambo la busara: akaacha kuhubiri, akasoma Zaburi polepole, akitua kila mstari, tukawa tunaitikia. Na katika kila mwitikio nilisikia sauti za nje zikija nyuma yetu kidogo. Mzee alikuwa anausikiliza mstari kupitia mlango, anawarudia wale watu, nao wanaitikia. Waliposikia ndani tumesimama, wakasimama. Tulipokaa, wakakaa wenye mahali pa kukaa. Hubiri lilipoisha akafungua mlango, akawapitisha wote mbele yake, akavua viatu vilivyojaa maji na kuingia wa mwisho, miguu mitupu, koti lote likiwa jeusi kwa mvua. Akaenda kukaa kando ya mkewe, ambaye hakumtazama hata kidogo. Alisogeza mkoba wake tu ili apate nafasi.

Baada ya ibada, watu wakisubiri mnada wa sadaka za mazao uanze, mwenyekiti wa baraza alimfuata. Ni mtu mdogo kwa mzee yule, na alizungumza kwa adabu.

"Shikamoo mzee wangu. Leo umelowa bure. Ukifunga mlango, funga ukiwa ndani, usikilize Neno kama wenzako."

"Marahaba, Mwenyekiti. Mlango nimeufunga kama mlivyoagiza. Hamkuniambia nikae upande gani."

Mwenyekiti akanyamaza. Na kwa muda wote ambao mzee yule alibaki na ufunguo, masika na kiangazi, aliufunga mlango akiwa nje. Sijawahi kumsikia akilalamika kwamba amri ni mbaya, wala sijawahi kumsikia akiisifu. Nina hakika alikuwa na maoni yake, lakini aliyaweka chini ya baraza la wazee kama amri ilivyotaka, na kisha akaubeba uzito wake pamoja na wale walioangukiwa nao.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mabawabu katika Maandiko, na nimestaajabu jinsi tunavyozipita haraka. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati kinasema kwamba Daudi alipowapanga Walawi kwa kazi za nyumba ya Bwana, 4,000 kati yao walikuwa mabawabu, idadi ileile ya waliomsifu Bwana kwa vinanda. Kinasema pia kwamba malango waligawana kwa kura, wadogo kwa wakubwa, na kwamba viongozi wa mabawabu walilala kandokando ya nyumba ya Mungu, na kuifungua kila asubuhi ilikuwa kazi yao. Tena ukoo mmojawapo wa mabawabu hao ni wa Wakora. Kora ni yule aliyewaasi Musa na Haruni jangwani, ardhi ikafunua kinywa ikammeza. Lakini kitabu cha Hesabu kinaongeza kwamba wana wa Kora hawakufa. Kwa hiyo uzao wa mtu aliyekataa kutii ndio uliokabidhiwa malango, na Zaburi ya 84, yenye yale maneno ya kupenda kuwa bawabu katika nyumba ya Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu, ni zaburi ya wana wa Kora. Watu hao walijua maana ya kuingizwa ndani kwa rehema. Mlinzi wa lango aliyetoka katika ukoo kama huo hawezi kumtazama aliyechelewa kana kwamba yeye mwenyewe alizaliwa ndani.

Hapa ndipo msimamo wangu unapoanza kunitikisika mikononi, na sitaki kuuficha mtikisiko huo kwa wasomaji. Waraka uleule kwa Wakorintho unaodai utaratibu katika sura ya 14 umekwisha kulikemea kanisa lilelile katika sura ya 11, na kosa lao lilihusu muda. Walipokutana kwa chakula cha Bwana, wengine walitangulia kula chakula chao, hata mmoja akawa na njaa na mwingine amelewa, na wasio na kitu wakatahayarishwa. Yaelekea waliotangulia walikuwa wenye nafasi, na waliokuta sahani tupu walikuwa watu wa kazi, ambao muda wao ulikuwa mikononi mwa wengine. Dawa aliyotoa Paulo ni fupi: mkutanikapo kula, mngojaneni. Hakuandika kwamba wachelewaji wafungiwe. Na nikiwatazama wale waliokuwa barazani siku ya mvua, muuguzi, wauza samaki, dereva wa bodaboda, mama aliyekuwa peke yake na mtoto, sioni hata mmoja aliyechelewa kwa sababu alikuwa amelala. Walalaji wetu tunawafahamu, na wengi wao wanaishi hatua chache kutoka kanisani.

Sisemi kwamba Neno la Mungu likatizwe. Nasema kwamba utii tunaouhubiri mara nyingi umekaa upande mmoja. Ni sawa na wanavyotusomea sisi wanawake waraka kwa Waefeso siku za ndoa, wakianzia hapo wake wanapoambiwa wawatii waume zao, na kuuruka mstari uliotangulia unaowataka wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Na wakifika kwa mume, aliyeagizwa apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake, sauti inapungua. Mimi nimeolewa, na kumtii mume wangu hakujanidhalilisha, kwa sababu nimemwona naye akijitoa. Waebrania nao wanatuagiza tuwatii wenye kutuongoza, lakini hapo hapo wanaeleza kwamba viongozi hao wanakesha kwa ajili ya roho zetu, kama watu watakaotoa hesabu. Baraza linaloamuru mlango ufungwe, kisha likakaa viti vya mbele chini ya feni, litatoa hesabu ya nani aliyelowa.

Mzee yule alihamia Muheza kwa mwanawe baada ya macho yake kudhoofika. Ufunguo alipewa mtu mwingine, mwaminifu na mwenye bidii, ambaye huufunga mlango akiwa ndani, jambo ambalo hakuna awezaye kumlaumu kwalo. Lakini baraza ya nje sasa ni tupu. Wanaokuta mlango umefungwa hugeuka wakaenda zao, na wale akina mama wa samaki sijawaona kwa muda mrefu. Jirani zetu Waislamu, ambao hakuna atakayesema hawajui utaratibu wa sala, humwacha aliyechelewa aunge safu na kisha akamilishe mwenyewe rakaa zilizompita. Anaingia, na bado anadaiwa. Nimelifikiria hilo sana.

Basi hukumu yangu, ambayo sikuitarajia nilipoanza kuandika, ni kwamba mlango wa kanisa usifungwe kwa ufunguo. Urudishiwe tu, na mhudumu akae nje, awazuie watu wasiingie wakati wa maungamo, wakati wa kusoma Neno na wakati wa sala, kisha awaingize kwa kikundi kupitia nyuma, kimya, hubiri likiwa linaendelea. Viti vya mwisho viachwe wazi kwa ajili yao, na anayefika mapema asivikalie kwa sababu ya kupenda upepo. Simu zibaki zimezimwa bila huruma yoyote. Wazee wa kanisa washike zamu ya kukaa barazani mmoja mmoja, mwenyekiti akiwa wa kwanza, hasa miezi ya masika. Kwa ibada za ndoa sina la kusema, maana zina mambo yake. Pendekezo hili nitalipeleka kwa maandishi kwa katibu wa baraza, na likikataliwa nitaendelea kufika kabla ya kengele ya pili na kuutii mlango kama walivyouamuru.