Usipakie hilo friji kwenye basi

Mkuu, hilo friji lishushe. Hata kama limeshapanda kirikuu, lishushe lirudi ndani.

Umeuliza mambo manne: vitu vya ndani uvitangaze wapi kabla hujahamia Dodoma mwisho wa mwezi, upange bei vipi, nguo za watoto na vitabu uvifanyeje, halafu mwishoni ukadokeza kwamba mteja wa friji umeshampata, yuko Dar, atalipa likifika, na kesho alfajiri unalipeleka stendi ya Mkanaledi, hapa Mtwara, lipande basi. Hilo la nne umeliandika kama jambo dogo, na ndilo litakalokumaliza. Friji langu la milango miwili lilikwenda kwa njia hiyo hiyo, kwa makubaliano hayo hayo. Sikubakiwa na friji wala fedha.

Friji halipandi basi. Elewa kwanza kwa nini.

Basi halina mahali pa friji kusimama. Litaingia kwenye buti, na kwenye buti litalazwa, hata kama umeandika "SIMAMISHA" pande zote nne kwa maka nyekundu. Sasa tazama kule nyuma chini, kwenye ule mtungi mweusi, yaani kompresa. Ndani yake kuna mota na pampu vilivyoning'inizwa kwenye springi, na chini kuna mafuta, kama robo lita hivi kwa friji la nyumbani. Friji likisimama, mafuta yanakaa chini yanalainisha. Likilala saa nane au kumi mpaka Dar, zaidi ya kilometa 550, mafuta yanatambaa yanaingia kwenye mabomba ya gesi. Mteja analipokea usiku, ana hamu nalo, analichomeka palepale. Kompresa inaanza kuzunguka ikiwa kavu, na badala ya kuvuta gesi inavuta mafuta. Gesi hubanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo vali zinavunjika. Zikisalimika vali, mafuta yanasukumwa mbele mpaka kwenye kile kibomba chembamba kama waya ambacho tundu lake halifiki milimita moja, yanakiziba. Friji linanguruma vizuri kabisa, taa inawaka, lakini halipoi.

Hiyo ni njia moja. Nyingine ni springi. Kwenye rasta na mashimo friji likiwa limelala, springi moja inachomoka kwenye ndoano yake. Ukiwasha unasikia ko-ko-ko likianza na likizima. Hakuna fundi atakayeirudisha. Mtungi wote unabadilishwa. Na njia ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa muuzaji: mabomba yanatetemeka safari nzima, panapounganishwa panapata ufa wa unywele. Gesi inavuja polepole. Friji linagandisha siku ya kwanza na ya pili, ya tatu linakuwa kabati. Wewe umeshasema asante na umeshalipia lori la Dodoma, simu inaita: "Umeniuzia friji bovu." Utamwambiaje? Hukuwepo, hana cha kukuamini, na kwa upande wake hakosei, maana friji alilonalo kweli ni bovu.

Njia ya Dar nayo unaijua. Mvua zikizidi upande wa Somanga mnaweza kulala njiani. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika kabisa.

Haya, tuseme limefika zima. "Atalipa likifika" maana yake nini? Maana yake bei mliyokubaliana imekufa pale basi lilipotoka stendi. Mteja anakuja Mbagala na fundi wake, wanaona mkwaruzo, bawaba ya mlango imelegea, rafu moja ya kioo imepasuka. Anakupigia: "Kaka, mimi natoa nusu, la sivyo lirudishe." Lirudi kwa nauli ya nani? Ofisi ya mizigo inataka litoke, konda hakukusanyii fedha, nawe uko Mtwara na simu mkononi. Utakubali nusu. Wapo wanunuzi wanaotafuta wauzaji wa mikoani makusudi kwa sababu hiyo, wala hawabishani bei mwanzoni. Mteja asiyeomba kupunguziwa hata elfu kumi kwa kitu ambacho hajakiona, mtilie shaka.

Na risiti ya mzigo isome nyuma kabla ya kuitegemea. Kwa kawaida imeandikwa kwamba kitu kinachovunjika kinasafiri kwa dhamana ya mwenyewe.

Hesabu nayo haikubali. Chukua mfano, kisha weka tarakimu zako. Dar umeahidiwa 400,000. Hapa ungepata 330,000. Faida ya Dar ni 70,000. Toa kirikuu mpaka stendi 15,000, vijana wa kubeba huku na kule 10,000, maboksi, sponji na kamba 12,000, nauli ya mzigo 40,000. Jumla 77,000. Umeshapoteza 7,000 na hakuna kilichovunjika bado.

Waliokuambia "soko liko Dar, huko kwenu utauza kwa bei ya kutupa" nawajua kwa maneno hayo, maana umeyanukuu neno kwa neno. Ni wale walimu wa video fupi wanaouza mafunzo ya kuuza mtandaoni. Wanaishi Dar. Mtu wa Sinza anamuuzia mtu wa Tabata, mzigo unakwenda na kirikuu chini ya saa moja, mnunuzi amesimama pembeni. Halafu mwalimu huyo anageuka kumwambia mtu wa Newala "tuma tu kwa basi", bila kujua hata buti la basi lina kimo gani. Inanikera sana, kwa sababu wanaowasikiliza ni watu kama wewe, wanaohama na mishahara iliyochelewa, ambao kila elfu hamsini ina kazi yake. Kufundisha jambo ambalo hujalifanya ni kuwaibia watu.

Kanuni yangu ni hii, nami siibadilishi kwa mtu yeyote: kitu kizito cha umeme, mnunuzi aje kilipo, akione kikifanya kazi, alipe, abebe mwenyewe. Akishindwa kuja, atume ndugu au fundi wake. Asiye na mtu wa kumtuma kusini nzima si mteja wako.

Na wateja wa hapa wapo. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yakianza kuingia benki watu wa Tandahimba, Newala na Nanyamba wanateremka mjini kununua vitu vya ndani, na wanakuja na gari lao. Kuhama kukikuangukia nje ya msimu, tafuta wanaohitaji ubaridi kwa kazi: wauza samaki wa feri, wauza barafu na juisi, mama ntilie, wenye maduka ya Magomeni na Chikongola. Watumishi wapya wanaoripoti hospitali ya Ligula nao wanahitaji friji la bei ya mtumba. Weka tangazo sokoni Facebook, eneo liandikwe Mtwara, kisha kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya kazini na ya msikiti au kanisa. Makundi hayo ya mwisho ndiyo yanayouza haraka kuliko yote, kwa kuwa watu wanakufahamu.

Tangazo liwe na lita, idadi ya milango, mwaka ulionunua, hitilafu, bei, mtaa lilipo, na maneno haya bila kupindisha: "Halisafirishwi. Njoo ulione likiwaka." Lita na aina ya gesi ziko kwenye lebo iliyobandikwa ukutani mwa friji kwa ndani. Ipige picha isomeke, kwa sababu fundi wa mnunuzi atauliza kama ni R600a au R134a. Picha nyingine ni ya nyuma na ya miguu. Tunaishi kwenye chumvi, Shangani na Mikindani hakuna friji lisilo na kutu chini. Usiipake rangi. Rangi mpya miguuni inamwambia mnunuzi kwamba kuna jingine umelificha. Sugua kwa msasa, piga picha, andika "kutu kidogo miguuni", basi.

Mpira wa mlango upime kwa noti: ifungie mlangoni, ivute. Ikikataa kidogo, mpira mzima. Ikiteleza, osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, urudie. Mara nyingi ni uchafu tu, na ukiusafisha unaokoa elfu nyingi za kupunguziwa.

Siku ya mteja, liwe limewaka tangu usiku. Kama huna raha kumkaribisha mgeni chumbani, lisogeze barazani mapema, kwa waya mnene wa umeme, na awepo mtu mwingine nyumbani. Aje mchana. Alipe mbele yako, na usitosheke na ujumbe wa muamala, kwa sababu ujumbe wa kughushi unaandikwa na mtu yeyote. Piga menyu ya mtandao wako, soma salio. Baada ya hapo ndipo uchomoe.

Tena usilitoe likiwa na barafu. Mwambie mnunuzi mapema kwamba akilipa leo atabeba kesho. Chomoa usiku, acha milango wazi, barafu iyeyuke yenyewe. Anayechokonoa barafu kwa kisu anatoboa bomba la gesi lililo nyuma ya ile bati nyembamba, na hapo friji limekwisha. Mwaga maji ya kile kibeseni cha nyuma juu ya kompresa, watu wengi hawajui kama kipo. Toa rafu za vioo, zifunge kwenye nguo. Milango ifunge kwa kitambaa, selotepu inabandua rangi. Kwenye kirikuu lisimame, lifungwe kwenye vyuma vya mbele nyuma ya dereva, lisiinamishwe kuzidi nusu ya kulala. Likifika, litulie saa mbili tatu kabla ya kuchomekwa. Likilazwa kwa bahati mbaya, likae wima mpaka kesho yake. Hayo mwandikie mnunuzi kwenye karatasi, nawe baki na picha ya hiyo karatasi.

Televisheni bapa ifanyie hivyo hivyo. Ikilazwa na kitu kikaiegemea, kioo kinapasuka kwa ndani na huoni ufa mpaka uiwashe. Pasi, blenda, redio, vyombo vya plastiki, na zile nguo za watoto na vitabu, hivyo vitume kwa basi ukishalipwa.

Bei: angalia friji kama hilo linauzwaje dukani leo, sahau ulinunua kwa ngapi. Kisha jiulize kama ungekuwa na fedha hiyo ungelichukua lako au ungeongeza kidogo ununue jipya.

Sasa hivi mpigie huyo wa Dar. Mwambie hutumi, na kama analitaka amtume mtu wa hapa. Atakasirika, au atakwambia anatuma nusu ya fedha kwanza. Kataa hata hiyo nusu, kwa sababu ukiipokea utabanwa upeleke. Friji likishasimama saa kadhaa ndani, liwashe, weka maji kwenye kikombe cha plastiki friza (glasi itapasuka), na asubuhi yakiwa barafu pindua kikombe upige picha. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya tangazo lako.