Maswali ya Wasomaji: Nimechimba bloku, mbona salio ni sifuri?

SWALI: Mhariri, ninatengeneza programu hapa Gulu itakayowawezesha wenye maduka kupokea malipo ya bitcoin. Mtandao wa majaribio wa umma ulikuwa ukinimalizia bando, nami nikashinda nikisubiri bloku (fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari la bitcoin), kwa hiyo nimehamia regtest, mtandao wa majaribio wa binafsi unaoendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, uliomo ndani ya programu ya Bitcoin Core. Nimechimba bloku moja, lakini pochi ingali inaonyesha sifuri. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, ndugu yetu. Zawadi ya mchimbaji, yaani bitcoin mpya anazopata anayeunda bloku, haitumiki mpaka bloku nyingine 100 ziwe zimechimbwa juu yake, na regtest inaifuata kanuni hiyo kama mtandao halisi. Iambie amri ya generatetoaddress ichimbe bloku 100 zaidi, nawe utaona bitcoin 50 papo hapo, bila intaneti. Usichimbe ovyo, hata hivyo: katika regtest zawadi hupungua nusu kila baada ya bloku 150, ilhali katika mtandao halisi hupungua kila baada ya bloku 210,000, na jaribio linalotegemea zawadi ya 50 litakwama ghafla.

Faida kubwa ya regtest, kwa maoni yangu, si bando unaloliokoa bali ni uwezo wa kuleta balaa kwa makusudi. Lipa bidhaa, chimba bloku moja, subiri programu yako iandike kwamba mteja amelipa, kisha ifute bloku hiyo kwa invalidateblock, amri inayoihesabu kuwa batili. Hapo wengi hukosea: wakichimba tena kwa generatetoaddress, malipo yaleyale huingia kwenye bloku mpya na jaribio huonekana limefaulu. Tumia generateblock, ambayo hukuachia uchague miamala ya kuingizwa, uchimbe bloku tupu, halafu utazame kama programu yako inarudisha ankara kwenye hali ya kusubiri au inamwacha mwenye duka akitoa sukari yake bure.

Kiasi cha fedha kihifadhi kama namba nzima ya satoshi, ambazo ni 100,000,000 katika bitcoin moja, maana desimali za kompyuta hupotosha hesabu. Kila jaribio lianze na folda mpya ya data. Majaribio hayo yote yakipita, ndipo urudi kwenye mtandao wa majaribio wa umma, nao nakushauri uwe signet, kwa kuwa bloku zake hutiwa saini na watu maalumu na kwa hiyo haziyumbi kama za testnet, mtandao mwingine wa majaribio wa umma. Bando la siku moja litakutosha kwa hatua hiyo.