Jibu: Kutoka ukaguzi wa bomba la gesi hadi usalama wa nyuklia

Ndugu yangu wa Madimba, umeuliza kama uzoefu wako wa kupiga picha za mionzi kwenye maungio ya bomba la gesi hapa Mtwara unaweza kukufikisha kwenye ukaguzi wa uimara wa miundo katika usalama wa nyuklia. Unaweza, ila kazi yenyewe ni nyingine. Wewe unatafuta ule mstari mweusi mwembamba kwenye filamu. Mkaguzi wa mamlaka ya usalama wa nyuklia humhoji mwenye kinu cha nyuklia athibitishe kwamba hata ufa usioonekana hautakua hadi kupasua mtungi wa shinikizo, yaani chombo kikubwa cha chuma kinachobeba fueli ya nyuklia, ambao chuma chake huzidi kuwa rahisi kuvunjika kadiri kinavyopigwa na nyutroni (chembe ndogo zinazotoka kwenye fueli hiyo) mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2002, katika kinu cha Davis-Besse, Marekani, iligundulika kwamba asidi ya boroni, iliyomo kwenye maji ya kupozea kinu na iliyokuwa ikivuja, imekula sehemu ya kifuniko cha mtungi wa aina hiyo hadi mahali hapo ikabaki ngozi ya chuma cha pua isiyofika sentimita 1, ilhali kutu ilikuwa imekwisha kuonekana kwenye vichujio vya hewa ndani ya jengo la kinu muda mrefu kabla. Kisa hicho kisome kwa makini.

Kwa kuwa nchini hatuna kinu cha umeme wa nyuklia, anza na Tume ya Nguvu za Atomu, Arusha, inayosimamia vyanzo vya mionzi kama mnavyotumia, na usome mekanika ya mipasuko, yaani elimu ya jinsi nyufa zinavyokua na kuvunja vitu.