Kabla hujaandika kwamba nchi imeacha kujali utafiti

Wadogo zangu mnaoingia kwenye takwimu za utafiti na maendeleo, kila msimu wa ripoti naletewa grafu ileile: mstari mmoja, miaka ishirini, GERD (jumla ya matumizi ya nchi kwa utafiti na maendeleo) kama asilimia ya Pato la Taifa, na chini yake aya tatu kuhusu utashi wa kisiasa. Mstari ukipanda serikali inasifiwa, ukishuka inalaumiwa. Maelezo ya chini ya jedwali hakuna aliyeyasoma. Najua uwiano huo una mvuto wake, maana malengo yenyewe yamewekwa hivyo: Umoja wa Ulaya ulijipangia asilimia 3 kule Barcelona mwaka 2002, Umoja wa Afrika unataka asilimia 1. Bidii yenu naipenda sana. Uvivu huu mmoja siuvumilii.

1. Anza na namba ya chini, yaani Pato la Taifa linalogawanya. Mnaitazama ya juu tu, fedha za utafiti, kumbe inayoruka mara nyingi ni ya chini. Mwaka 2014 Nigeria ilibadilisha mwaka wa kizio wa Pato la Taifa (mwaka ambao bei na muundo wa uchumi wake ndio msingi wa hesabu), na uchumi wake ukaonekana mkubwa kwa asilimia 89 kuliko ulivyodhaniwa. Kenya, mwaka huohuo, ikaongeza kama asilimia 25. Fedha za utafiti zikibaki zilezile, zikigawanywa kwa Pato jipya lazima zionekane zimepungua. Ireland ya mwaka 2015 ndiyo ninayoipenda kufundishia: makampuni ya kimataifa yalihamishia haki zao za ubunifu nchini humo, Pato likaruka kwa zaidi ya robo ndani ya mwaka mmoja, uwiano wa utafiti ukaanguka. Na kinyume chake hutokea pia. Mwaka 2009 uchumi wa nchi nyingi ulisinyaa, na uwiano ukapanda hata pale ambapo fedha hazikuongezeka kwa maana yoyote.

2. Usiunganishe vipande viwili vya mfululizo bila kuuliza. Hapa naomba mtulie, kwa sababu mwenzangu mmoja huwasimulia wageni kisa chake mwenyewe bila kuficha, na ameniruhusu nikiseme.

Alikuwa akiandaa jedwali la miaka kumi. Miaka ya mwanzo aliitoa kwenye ripoti za zamani, ya mwisho kwenye faili jipya. Katikati uwiano ukashuka kwa ghafla. Badala ya kushtuka, akafurahi: amepata habari. Akaandika kwamba serikali imepoteza hamu, kwamba sekta binafsi imeogopa, kwamba watafiti wanahama. Akaenda hadi kuwahoji watafiti, nao wakakubali, kwani ni mtafiti gani atakayekwambia fedha zinamtosha? Kila jibu likamzidishia uhakika. Ripoti ikapita mikononi mwa watu watatu wenye vyeo, hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu maelezo yalikuwa yameandikwa vizuri mno.

Baada ya kuchapishwa, ofisa wa takwimu za taifa akapiga simu. Mwaka wa kizio ulikuwa umebadilika, na Pato lilikuwa limerekebishwa kurudi nyuma kwa miaka michache tu, ile iliyokuwa kwenye faili jipya. Kwa bei za kudumu, yaani mfumuko wa bei ukiondolewa, fedha za utafiti zilikuwa zimeongezeka kila mwaka. Mwenzangu anasema simu yenyewe aliistahimili. Kilichomuuma ni kuwarudia wale watafiti, waliokuwa wamempa muda wao na majina yao, na kuwaeleza kwamba maneno yao yametumika kushuhudia jambo ambalo halikutokea. Wawili hawakumjibu tena. Kila akifika hapo sauti yake hubadilika, na mimi humwacha amalize.

Kwa hiyo: weka safu tatu, si moja. Fedha kwa bei za mwaka husika, fedha kwa bei za kudumu, na uwiano. Zikipishana, usiandike neno mpaka ujue kwa nini.

3. Soma ni nani aliyehesabiwa. Uingereza ilijiwekea lengo la kufika asilimia 2.4 ifikapo mwaka 2027. Mwaka 2022 ofisi yake ya takwimu ikarekebisha namna ya kukadiria kampuni ndogo, ambazo dodoso lilikuwa haliziwakilishi vya kutosha, na ikaonekana lengo lilikuwa limeshapitwa. Ujerumani nayo, kabla na baada ya kuungana mwaka 1990, si mstari mmoja; msiichore kana kwamba ni mmoja.

4. Mfadhili, anayetoa fedha, na mtendaji, anayefanya utafiti, ni watu wawili. Marekani mwaka 1964 ilikuwa karibu na asilimia 2.8, na takriban theluthi mbili ya fedha zilitoka serikali kuu, miaka ya Apollo, mpango wa kwenda mwezini, na silaha. Leo uwiano umepita asilimia 3, lakini sehemu kubwa inalipwa na makampuni. Jumla ileile, au iliyo karibu, inaweza kubeba nchi mbili tofauti kabisa ndani yake.

5. Bajeti iliyotengwa si fedha iliyotumika.

6. Elimu ya juu ndiyo inayonikosesha usingizi. Mhadhiri hufundisha, husimamia, hutafiti, na mshahara ni mmoja, hivyo sehemu ya utafiti hukadiriwa kwa mgawo wa muda wake. Mgawo huo hutoka kwenye uchunguzi wa matumizi ya muda, ambao mahali pengine hufanywa mara moja kisha ukasahaulika. Mishahara ikipanda, "utafiti" unapanda nayo, hata kama madarasa yamefurika na hakuna aliyegusa darubini. Mwongozo wa Frascati, kitabu cha OECD cha kupima utafiti na maendeleo, toleo la mwaka 2015, unaeleza jinsi ya kufanya makadirio haya, ufungueni. Na mkipokea takwimu za vyuo, swali la kwanza kwa aliyezileta liwe: mgawo huu ulipimwa mwaka gani?