Kinanda kinazimika katikati ya wimbo: msinunue bodi bado

Ndugu yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Kinanda cha kwaya yenu kinazimika chenyewe ibada ikiendelea, noti tatu za katikati leo zinalia kesho hazilii, na fundi ameshawaambia mtafute bodi mpya, yaani ule ubao wa ndani wenye saketi za umeme. Nawaomba hizo pesa mzishike kwanza. Mimi nilizitoa, na bodi niliyoitupa ilikuwa nzima.

Chetu ni Yamaha ya funguo 61, hapa mtaa wa Ndosho, Goma. Fundi alibadilisha bodi, kikapiga Jumapili mbili, ya tatu kikazimika watu wakiwa wamesimama wanaimba. Iliniuma sana, maana zile zilikuwa sadaka za wanakwaya. Ndipo nikachukua daftari. Kila kikizimika naandika: saa ngapi, umeme ulikuwa wa laini au wa jenereta, kimewaka muda gani, nani amepita nyuma yake. Baada ya majuma matatu jambo likawa wazi: kila mara mtu alikuwa amegusa waya wa adapta. Nilipofungua, kwenye miguu ya tundu la adapta ile risasi ya kuchomelea ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele. Kikitikisika kinakata, kikitulia kinashika. Kuichomelea upya hakukumaliza nusu saa.

Kwa hiyo anzeni hapo. Tieni betri mpya, chomoeni adapta, mpige mazoezi mazima. Kisipozimika, lawama ni ya adapta au tundu lake. Mkiazima adapta nyingine, someni mchoro wake wa chanya na hasi kabla ya kuchomeka: Yamaha nyingi za aina hii zinataka volti 12 na chanya iwe ndani ya ncha, lakini Casio nyingi za zamani ni volti 9 na ndani ni hasi. Ncha inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikaua kinanda.

Tena niulize: kinazimika mkiwa mnapiga, au wakati wa mahubiri? Yamaha nyingi za miaka hii hujizima zenyewe zikikaa dakika 30 bila kuguswa. Huo si ubovu. Shikilia ufunguo wa mwisho wa kushoto huku ukiwasha, itaacha.

Sasa zile noti. Chini ya kila ufunguo kuna mpira wenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Kimoja hugusa bodi kabla ya kingine, na kinanda hupima muda uliopita kati yao ili kijue umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Uchafu ukiingia, noti hunyamaza, au hulipuka kwa sauti kubwa hata ukiigusa polepole. Na Goma yetu unaijua: vumbi jeusi la lava linapenya hata penye kifuniko. Mwezi wa tano 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoambiwa tuhame tuliacha kinanda wazi. Tuliporudi majivu yalikuwa yameingia hadi ndani, na mwezi uliofuata noti zikaanza kupotea mojamoja.

Kusafisha kunataka subira tu. Chomoeni umeme, toeni betri. Skrubu zipangwe juu ya karatasi kama zilivyokaa, kwa sababu ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa juu. Inueni ule mpira taratibu, mfute vidoti na bodi kwa pamba yenye alkoholi safi ya isopropili, ile ya asilimia 90 na zaidi. Msitumie petroli, inaharibu mpira. Msitumie msasa wala kusugua kwa nguvu, kwani kaboni ikitoka hairudi. Msiguse vidoti kwa vidole, mafuta ya ngozi yanabaki. Acheni ikauke kabisa, kisha mrudishe mpira ukikaa sawasawa kwenye matundu yake yote. Ukikaa upande, ufunguo utakuwa mgumu.

Sauti ikipotea huku taa zinawaka, chomekeni na kuchomoa hedifoni mara kumi hivi. Ndani ya tundu lile kuna kibati kinachokata spika, na kikishika vumbi hubaki kimekata.

Kabla hamjafungua, hesabuni jambo moja mniandikie. Funguo zimeunganishwa kwa makundi kwenye nyaya za pamoja. Noti zenu tatu zikiwa zimetawanyika ovyo, hilo ni vumbi. Zikipishana kwa idadi ileile, tuseme kila baada ya funguo sita au nane, basi ni waya mmoja, yaani ule utepe kati ya bodi mbili au mahali unapochomekwa, na kusafisha mpira hakutasaidia. Ni noti zipi, na kati yake kuna funguo ngapi?