Baba anasema mkopo wa Bodi una riba. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kwetu ni Pangani. Nataka kuomba mkopo wa chuo lakini baba hataki kusikia. Kaka yangu alimaliza chuo 2014, na alipoanza kazi akakuta deni limezidi kile alichokopa, tena kila mwaka linapanda. Baba anasema hiyo ni riba, na hatakubali kuwa mdhamini wangu. Je, ni kweli? Halafu cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Hadija, cha kidato cha nne kimeandikwa Khadija. Kuna shida?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Baba yako hakuota. Alichokiona kwa kaka yako kilikuwepo kweli, na nakuomba uanze kwa kumwambia hivyo kabla hujamwambia lolote jingine.

Zamani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa ikitoza asilimia 6 kila mwaka juu ya deni lililobaki. Iliitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha. Aliyechelewa kuanza kurejesha aliongezewa faini ya asilimia 10. Tuseme mtu anadaiwa 12,000,000/= na mshahara wake wa msingi ni 700,000/=. Makato ni asilimia 15 ya mshahara huo, yaani 105,000/= kwa mwezi. Tozo ya mwaka wa kwanza ilikuwa 720,000/=, sawa na 60,000/= kila mwezi. Kwa hiyo katika ile 105,000/=, iliyopunguza deni lenyewe ni 45,000/= tu. Na kile kipindi ambacho kijana alikuwa bado anazunguka na bahasha kutafuta kazi, hakuna kilicholipwa na deni lilizidi kupanda. Nimekaa kwenye dawati la mikopo chuoni miaka mingi, nimewaona watu wazima wakitokwa machozi mbele ya karatasi ya deni.

Hayo yalibadilika mwaka 2021. Siku ya Mei Mosi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile ya asilimia 6, na mwaka huohuo faini ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Tangu hapo deni haliongezeki kwa sababu mwaka umepita. Rudia hesabu ya juu: 12,000,000/= kwa 105,000/= kwa mwezi inamalizika kwa miaka tisa na nusu. Kwa utaratibu wa zamani ingechukua miaka 14 hivi. Mimi si shekhe, hukumu ya dini mzee aipeleke kwa anayemwamini. Ila aende na hesabu ya leo, asiende na ile ya kaka yako. Usimfiche pia kwamba mkopo ni deni. Utaanza kudaiwa miezi 24 baada ya kuhitimu, na ukiajiriwa mwajiri atakata asilimia 15 mpaka liishe.

Sasa hilo la Hadija na Khadija, ambalo umeliweka mwisho kama jambo dogo. Kwangu ndilo kubwa. Wanaokosa mkopo kwa sababu familia zina uwezo nimewaona, lakini wanaoniuma ni wale wenye shida ya wazi waliokwama kwa herufi moja. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo (aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na wakala wa matukio ya kijamii wa huko, ZCSRA), na maombi yako yanakwenda kwa jina lililo kwenye matokeo ya kidato cha nne. Pwani tunaandika majina kwa sikio: Hadija, Khadija, Hamisi, Khamis. Mfumo hauna sikio. Nenda kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya na vyeti vyote viwili, uulize kama kosa lako linarekebishwa kwenye cheti chenyewe au kwa hati ya kiapo. Nenda wiki hii. Miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa kuelekea mwisho wa Agosti, na siku za mwisho RITA huelemewa.

Maombi yenyewe unayajaza mtandaoni, kwenye mfumo wa Bodi uitwao OLAMS. Ada ni 30,000/=, unalipa mara moja kwa namba ya malipo utakayopewa na mfumo. Usimpe mtu wa steshenari akujazie peke yake huku wewe umekwenda sokoni. Kaa naye. Namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayoombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo, maana wapo waliorudia mtihani, wakatumia namba mbili, na chuo na Bodi wakaonekana watu wawili. Ukishachapa fomu, unasaini wewe, anasaini mdhamini na kuweka picha na kitambulisho chake, serikali ya kijiji au mtaa inagonga mhuri, kisha wakili au hakimu anathibitisha kiapo. Ndipo unapandisha kurasa hizo kwenye mfumo. Zikague moja moja. Picha iliyopigwa kwa simu gizani, mhuri hausomeki, ni sawa na kutopeleka.

Baba akikataa kabisa, mdhamini anaweza kuwa mjomba au shangazi. Lakini jaribu kwake kwanza.

Kwenye maelezo ya familia andika ukweli. Kama ulisoma shule ya kulipia kwa msaada wa mfadhili, ambatisha barua yake, la sivyo watahesabu kwamba karo ile ilitoka mfukoni mwa baba yako. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, jaza namba yenu. Ukidahiliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja mapema, kwa kuwa mkopo hupangwa kwa aliyethibitisha.

Majina hutoka kwa awamu, na utayaona kwenye akaunti yako ya SIPA, yaani akaunti yako binafsi kwenye mfumo wa Bodi. Usipojiona awamu ya kwanza, subiri zinazofuata. Unaweza kupangiwa fedha ya chakula na malazi yote na ada nusu tu, kwa hiyo familia ijipange tangu sasa kwa pengo hilo. Mwishoni hufunguliwa dirisha la rufaa, na hapo peleka nyaraka uliyokosa mwanzo. Barua ya kulalamika tupu haibadilishi hesabu.